Tunajua Kuzika, Hatujui Kutunza



Katika vijitabu vya Tume yetu ya Haki na Amani tumezoea kuzungumzia ardhi, rushwa, na haki za wanawake na watoto. Safari hii tunataka kuzungumzia dhuluma ambayo hakuna anayeifungulia mashtaka, kwa sababu anayedhulumiwa ni mama yetu na baba yetu, na anayedhulumu ni sisi.

Msiba mmoja

Katika kigango kimoja cha huku kwetu Kanda ya Ziwa alifariki bibi mjane, mama wa watoto saba, aliyekuwa amepita umri wa miaka 75. Msiba wake uliendeshwa kwa heshima kubwa. Kamati ya mazishi iliundwa usiku uleule. Watoto walifika kutoka mijini kwa mabasi mawili madogo ya kukodi. Ng'ombe wawili walichinjwa, maturubai yakafungwa, wajukuu wakavaa fulana zenye picha ya marehemu, na jeneza lilikuwa la mbao iliyong'arishwa, lenye vishikio vya rangi ya dhahabu. Kabla ya siku arobaini kaburi lilikwisha kujengewa na kuwekwa vigae. Sisi nasi tuliadhimisha Misa Takatifu, tukahubiri juu ya upendo wa mama, na watu wakalia.

Baada ya mazishi tuliingia ndani ya nyumba ya marehemu kuwafariji wafiwa. Tulikiona kitanda chake: kamba zilikuwa zimekatika upande mmoja, na pale zilipokatika palitandikwa gunia. Tuliuona ukuta wa upande wa kichwani ulivyoliwa na mvua. Ndipo jirani yake, mama aliyekuwa akimpelekea uji, akatusimulia jinsi alivyofariki. Bibi alitoka usiku kwenda chooni, hatua kama arobaini kutoka mlangoni. Gizani akajikwaa kwenye jiwe ambalo kila mtu wa kaya ile analijua, akaanguka, akavunjika nyonga. Alilala wiki tatu. Hakupelekwa hospitali, kwa kuwa ilisemekana kwamba ni uzee. Kisha jirani akaongeza neno ambalo hatujaweza kulisahau: kwa mwaka mzima bibi alikuwa akiomba aletewe tochi.

Wapendwa, bei ya tochi tunaijua sote, na bei ya jeneza lile pia tunaijua. Wala tusiwanyoshee kidole wale watoto saba peke yao. Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi sisi tulimpelekea bibi yule Komunyo Takatifu. Tulipita njia ileile mchana, tukaliruka jiwe lilelile, tukambariki, tukaondoka. Hatukuuliza anatembeaje usiku. Jumuiya yake ilisali Rozari nyumbani kwake mwezi Oktoba, wala hakuna aliyetazama juu kuona paa. Sote tulisubiri mpaka alipofariki, ndipo mikono yetu ikafunguka.

Hatupingi mazishi

Huenda mtu akasema kwamba tunabeza mila ya kuwaheshimu marehemu. Hapana. Kuwazika wafu ni tendo la huruma, na Maandiko Matakatifu yanamsifu Tobiti aliyewazika ndugu zake kwa hatari ya maisha yake mwenyewe. Lakini wengi wetu tunakisoma kitabu cha Tobiti nusu nusu. Mzee huyo huyo aliyezika wafu alipofuka macho, akawa mtu wa kuongozwa mkono. Mwanawe Tobia alipotoka safari hakurudi na sanda. Alirudi na dawa ya macho, akampaka baba yake, utando mweupe ukambanduka, na mzee akamwona mwanawe kwa macho yake. Miaka mingi baadaye, Tobiti alipofariki, mwana huyo alimzika kwa heshima.

Huo ndio utaratibu wa upendo. Kwanza dawa ya macho, baadaye kaburi. Sisi tumeugeuza: tunaruka dawa ya macho, tunakwenda moja kwa moja kaburini, halafu tunajipongeza kwamba tumemheshimu mzazi. Amri ya nne ya Mungu haituagizi kuyaheshimu makaburi ya baba na mama. Inatuagiza kuwaheshimu wao wenyewe, wakiwa wangali wanasikia na wanaona.

Visingizio vyetu

Tunapowauliza waamini kwa nini mambo yako hivi, tunapewa majibu manne. Tuyachunguze moja baada ya jingine.

Jibu la kwanza ni hili: "Ni uzee tu." Neno hili limeua wazee wengi. Mzee haoni, tunasema ni uzee. Mzee anaanguka, mzee hasikii, mzee amepooza upande mmoja, yote tunasema ni uzee. Lakini kutoona kwa wazee wengi kunaletwa na mtoto wa jicho, na mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji mfupi, ambao kwa kawaida mgonjwa anarudi nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake. Kupooza mara nyingi kunatokana na kiharusi, na chanzo kikubwa cha kiharusi ni shinikizo la damu ambalo halikupimwa, au lilipimwa na dawa zikaachwa. Shinikizo la damu halina kelele. Mtu anaweza kukaa nalo miaka mingi bila kuumwa kichwa hata siku moja. Kwa hiyo mzee anayemeza dawa siku anayojisikia vibaya tu hatibiwi. Dawa hizo ni za kila siku, kama alivyoagizwa na mganga, na chumvi ipunguzwe: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kiasi cha kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Uzee si ugonjwa, na ugonjwa wa mzee una haki ya kutibiwa sawasawa na ugonjwa wa kijana.

Jibu la pili linasemwa kwa nia njema: "Mama, wewe pumzika." Tunamnyang'anya jembe, tunamnyang'anya kuku wake, tunamhamishia mjini kwenye chumba cha nyuma, tunamkalisha mbele ya televisheni, tunaamua atakula nini na atalala saa ngapi. Baada ya mwaka mmoja miguu haimbebi tena, nasi tunashangaa. Mwili usiotumika hudhoofika, na mwili wa mzee hudhoofika haraka zaidi. Shirika hilo hilo la Afya linashauri watu wenye umri wa miaka 65 na zaidi wautumie mwili kwa dakika zisizopungua 150 kila wiki, na siku tatu za wiki wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli na uwezo wa kusimama bila kuyumba. Wazee wetu hawahitaji kiwanja cha michezo kwa hilo. Kupalilia bustani ya mchicha, kulisha kuku, kwenda kwa miguu kwenye jumuiya, kuinuka kitini mara kadhaa bila kushika kitu, hayo ni mazoezi. Bila shaka ipo mizigo ya kumwondolea. Dumu la lita 20 lililojaa maji lina uzito wa kilo 20, na hakuna sababu ya bibi wa miaka 70 kulibeba huku vijana wa jumuiya wamekaa kijiweni. Lakini kumwondolea mzee mzigo ni jambo moja, na kumwondolea maisha yake ni jambo jingine. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Sisi tunamtaka mzee awepo, ila hatutaki aseme neno.

Jibu la tatu ni la watoto walioko mbali: "Tunatuma fedha." Tunawashukuru wanaotuma, maana wapo wasiotuma hata senti. Hata hivyo tuulize: fedha hiyo inayopita kwenye simu, nani anaisoma? Mara nyingi bibi hawezi kuyaona maandishi yale madogo. Namba ya siri anaijua mjukuu, au mwenye duka, na kinachomfikia bibi ni kile kilichobaki. Zaidi ya hayo, wengi wetu tunatuma fedha ya mtu mmoja na kuwatuma watoto watatu. Tunajua jinsi bibi wa mikoa yetu, na hasa wa Kagera, walivyowalea yatima wa UKIMWI tangu miaka ya 1980 na 1990, wakiwa wamekwisha kuwazika wazazi wa watoto hao. Leo nako wazazi walio hai wanapeleka watoto kijijini bila sare, bila unga, bila hata kuuliza kama bibi ana nguvu za kukimbizana nao. Bibi si kituo cha kulelea watoto bila malipo. Ni mama, naye ana haki ya kula kwanza kabla hajawalisha wengine.

Jibu la nne ndilo linalotutia aibu kuliko yote: "Hatuna fedha." Tungelikubali jibu hili kama hatungehudhuria misiba. Daftari za michango ya mazishi tunazo. Familia ambayo Jumatatu haikuwa na nauli ya kumpeleka mzee kupimwa, Ijumaa ina ng'ombe wawili. Fedha ipo, wapendwa. Kinachokosekana ni macho ya watu. Msibani watu wanatuona tukitoa. Mzee anapopelekwa kliniki hakuna anayepiga picha.

Macho mekundu

Kuna jambo moja ambalo huku kwetu hatuwezi kulinyamazia. Tangu miaka ya 1990 na hata kabla yake, mikoa ya Shinyanga na Mwanza imetajwa mara nyingi katika taarifa za haki za binadamu kwa sababu ya wanawake wazee waliouawa kwa mapanga wakituhumiwa uchawi. Na alama iliyotumiwa kuwatambulisha wengi wao ilikuwa macho mekundu.

Macho hayo yanatoka wapi? Kila mama wa Usukuma anajua. Miti imekwisha, na katika kaya nyingi chakula kimepikwa miaka na miaka kwa kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa na kwa mabua, ndani ya jiko lisilo na dirisha. Mwanamke aliyepuliza moto wa namna hiyo tangu utoto wake, akiwapikia mume, watoto na wageni, ana haki ya kuwa na macho mekundu. Macho yale ni ushahidi wa milo tuliyokula sisi. Nasi tumeyageuza kuwa ushahidi wa kumhukumu.

Aidha, tuseme wazi kinachofichwa nyuma ya tuhuma. Mpiga ramli anapomtaja mjane, mara nyingi kuna shamba. Kuna shemeji anayetaka mpaka usogezwe, au mtoto wa kambo anayetaka ng'ombe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatambua haki ya mwanamke kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Kumwita mjane mchawi ni njia ya kumpokonya haki hiyo bila kwenda barazani. Tunawatangazia waamini wetu kwamba Mkristo anayekwenda kwa mpiga ramli kuuliza nani kamloga anashiriki tayari katika damu itakayomwagika. Na kiongozi wa jumuiya anayesikia mjane akitajwatajwa, akanyamaza kwa kuogopa kutajwa naye, amemwacha kondoo mbele ya fisi.

Hapa ndipo tunapoona kwamba kumsaidia mzee aishi nyumbani kwake kwa afya na usalama si jambo la huruma peke yake. Ni jambo la haki na amani. Jiko banifu lenye bomba la kutolea moshi linahifadhi mapafu ya bibi na macho yake. Vijana wanaoingia kwake kila siku kumletea maji wanawaonyesha wabaya kwamba nyumba ile ina watu. Muuaji hupendelea nyumba isiyotembelewa.

Je, si kazi ya Serikali?

Ni kazi yake, na hatutaacha kuidai. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika ibara ya 11, inaitaka mamlaka ya nchi kuweka utaratibu wa kumwezesha mtu kupata msaada wakati wa uzee na maradhi. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea, na ilitamka kwamba mzee asiye na uwezo atibiwe bila malipo. Lakini ni wazee wangapi wa vigango vyetu wanaofika kwenye zahanati, wakaandikiwa dawa bure, kisha wakaambiwa dawa hakuna, waende kununua dukani? Karatasi iliyoandikwa bure haishushi shinikizo la damu.

Tena majirani wametuonyesha kwamba inawezekana. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na kuendelea shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuuliza kama aliwahi kuajiriwa. Kenya ilianza mwaka 2018 kuwalipa wazee wa umri huo shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi katika mpango wake wa Inua Jamii. Mkulima wetu wa pamba, ambaye kwa miaka arobaini jasho lake lililetea nchi fedha za kigeni, hakustahili kidogo kuliko hao. Wabunge na madiwani wanapokuja kuomba kura, wanawatafuta wazee wa kuwabariki. Tuwaulize wazee hao hao watapata nini baada ya baraka.

Hata hivyo, wapendwa, tusiifanye Serikali kuwa pango la kujifichia. Mtume Paulo katika waraka wake wa kwanza kwa Timotheo, sura ya 5, anawaagiza watoto na wajukuu wawarudishie wazazi wao fadhila, naye anasema kwamba asiyewatunza walio wake ameikana imani. Katika sura hiyo hiyo tunaona kwamba Kanisa lile la mwanzo lilikuwa na orodha ya wajane, na umri wa kuandikwa humo ulikuwa miaka 60. Tena mashemasi wa kwanza, katika Matendo ya Mitume sura ya 6, walichaguliwa kwa sababu kulikuwa na wajane waliosahauliwa katika mgawo wa kila siku. Kanisa lilianzisha huduma nzima kwa sababu ya manung'uniko ya wajane. Je, sisi orodha yetu iko wapi? Tunayo orodha ya waliolipa zaka. Tunayo orodha ya walioahidi mifuko ya saruji. Orodha ya wazee wanaoishi peke yao, parokia nyingi hazina.

Korbani yetu

Bwana wetu aliwakemea kwa ukali Mafarisayo waliofundisha kwamba mtu akisema mali yake ni Korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu, basi asidaiwe tena kuwasaidia baba na mama. Tunasoma hayo katika Marko sura ya 7. Sisi mapadre tuyasome kwanza kwa ajili yetu. Mwamini anapotoa ahadi kubwa kwenye harambee ya ujenzi, tunamshangilia na kumwita mbele. Hatujawahi kumuuliza kama mama yake ana blanketi. Yawezekana kabisa kwamba baadhi ya matofali ya makanisa yetu ni Korbani ambayo Kristo aliikataa.

Na makanisa yenyewe tunayajengaje? Ngazi saba mlangoni, bila mshikio wa kushikilia. Choo cha parokia cha kuchuchumaa tu, ambapo mwenye magoti mabovu hawezi kuinuka. Misa ya saa tatu, nusu yake matangazo na michango, na wazee wamesimama nyuma kwa kuwa viti vya mbele vimewekewa wageni rasmi. Papa Yohane Paulo II, akiwa mwenyewe na miaka 79, aliwaandikia wazee barua tarehe 1 Oktoba 1999. Papa Fransisko mwaka 2021 aliianzisha Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee Duniani, Jumapili ya nne ya mwezi Julai. Siku hiyo tunawapigia wazee makofi. Jumatatu yake nani anawachotea maji?

Hatuzidharau nyumba za wazee zinazoendeshwa na masista wetu. Mungu awabariki, kwa maana wanawapokea wale ambao hawana mtu kabisa. Lakini mzee mwenye nyumba yake, majirani zake na kaburi la mumewe uani, anayeweza bado kujipikia akisaidiwa kidogo, hatumtendei haki tukimng'oa kwa sababu tu sisi hatutaki kusaidia hicho kidogo.

Tufanye nini?

Tunapendekeza mambo yafuatayo, na kila jumuiya iyaanze bila kusubiri barua kutoka jimboni.

Kwanza, kila Jumuiya Ndogondogo iandike majina ya wazee wake wote wenye miaka 60 na zaidi, Wakatoliki na wasio Wakatoliki, kwa maana jirani haulizwi dini. Mbele ya kila jina iandikwe: anaishi na nani, anaonaje, anatembeaje, anakunywa dawa gani, na nani anamtembelea.

Pili, nyumba ya kila mzee ikaguliwe kwa upendo, yeye mwenyewe akiwepo na akikubali. Jiwe njiani liondolewe. Njia ya chooni isawazishwe, na ufungwe mti au kamba ya kushikilia tangu mlangoni mpaka chooni. Ndani ya choo cha shimo kiwekwe kiti chenye tundu, ambacho seremala yeyote wa kijiji anaweza kukitengeneza, na mti imara ukutani wa kujiinulia. Iwepo tochi au taa ya sola karibu na kitanda. Kizingiti kipakwe chokaa nyeupe ili kionekane. Dumu la lita 20 libadilishwe kwa madumu ya lita 5. Kazi zote hizi ni za Jumamosi moja kwa vijana wa VIWAWA na akina baba wa UWAKA.

Tatu, akina mama wa WAWATA, ambao wanajua moshi ni nini, wajenge majiko banifu kwa wajane kabla ya kushona sare mpya.

Nne, parokia iombe zahanati iliyo karibu kupima shinikizo la damu, sukari na macho baada ya Misa, angalau mara moja kila miezi mitatu. Atakayegunduliwa apewe mtu mmoja wa jumuiya wa kufuatana naye, kumkumbusha dawa, kumkumbusha kunywa maji hata kama hana kiu, na kuhakikisha anapata maharage, dagaa, maziwa au yai, si ugali na chumvi tu.

Tano, kila mchango wa msiba utakaokusanywa na jumuiya utengewe sehemu ya kumi kwa ajili ya wazee walio hai. Tunajua pendekezo hili litapingwa. Wanaolipinga wasimame mbele ya jumuiya waeleze kwa nini aliyekufa anahitaji zaidi kuliko aliye hai.

Sita, mzee aulizwe. Asipangiwe mambo yake kama mtoto. Kama anataka kubaki na kuku wake, abaki nao. Kama anaweza kufundisha katekesimu, kusuluhisha ndoa zenye ugomvi, kusimulia historia ya kigango, apewe kazi hiyo. Halmashauri ya Walei isiyo na mzee hata mmoja imejikata mzizi.

Maswali kwa ajili ya tafakari katika Jumuiya

1. Ni mzee gani wa jumuiya yetu ambaye hatujaingia nyumbani kwake tangu Pasaka? Tumtaje kwa jina.

2. Katika msiba wa mwisho tulioshiriki, tulichanga kiasi gani? Marehemu alipokuwa mgonjwa, tulichanga kiasi gani?

3. Je, yuko mjane kati yetu anayesemwa vibaya? Nani anasema, na anataka nini kutoka kwake?

4. Jumamosi ijayo tutakwenda kutengeneza njia ya nani?

Tunamalizia hapa. Kaburi la bibi yule lenye vigae tunalipita bado tukienda kigangoni. Limejengwa vizuri, limefagiliwa, lina msalaba wa chuma. Nyumba yake imekwisha kuanguka, na jiwe liko palepale. Tuliondoe, wapendwa, kwa maana watoto wetu wanatutazama, nao wanajifunza kwetu jinsi watakavyotutendea.

Mungu Mwenyezi awabariki, awajalie wazee wetu nguvu, na atujalie sisi aibu inayozaa matendo. Amina.